Uendeshaji na sera za huduma za afya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa msomaji asiye mtaalamu: mgonjwa anayejiuliza kadi yake ya bima ina kazi gani, muuguzi anayeletewa mfumo mpya kabla hajauzoea wa zamani, mjumbe wa bodi ya hospitali anayetakiwa kupitisha bajeti. Hayana urefu sawa, kwa sababu maswali yenyewe hayana uzito sawa.

Tatizo kubwa kuliko yote katika huduma za afya ni lipi?

Wengi watataja uhaba wa madaktari, wengine dawa, wengine rushwa. Yote yapo. Lakini tukilazimishwa kuchagua moja, tunachagua hili: mtu kudaiwa pesa akiwa ameshaugua. Aliyelala kitandani hawezi kulinganisha bei, hawezi kusema atarudi kesho, na hajui kama kipimo alichoandikiwa kina haja. Anachoweza ni kukopa, kuuza mali au kubaki nyumbani.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na Benki ya Dunia ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba watu bilioni 4.5, zaidi ya nusu ya dunia, hawakuwa wakipata kikamilifu huduma za msingi mwaka 2021, na kwamba watu takribani bilioni 2 walikuwa wakilemewa na gharama za matibabu. WHO hiyo hiyo ilieleza mwaka 2010 kwamba malipo ya kutoka mfukoni yakishuka hadi asilimia 15 mpaka 20 ya matumizi yote ya afya katika nchi, familia kufilisika kwa ajili ya ugonjwa huwa jambo la nadra. Ndiyo maana kila anapotokea mtu na ubunifu mpya, sisi humuuliza kwanza kama utampunguzia mgonjwa malipo ya dirishani.

Kipi bora, bima au kodi?

Historia haijampa yeyote ushindi. Ujerumani ya kansela Otto von Bismarck ilipitisha sheria ya bima ya ugonjwa mwaka 1883, mfanyakazi na mwajiri wakichangia. Uingereza ilianza tarehe 5 Julai 1948 kuwatibu watu wote kwa fedha za kodi. Taiwan iliunganisha mifuko yake ya bima kuwa mmoja mwaka 1995. Thailand iliwaingiza watu waliokuwa nje ya bima mwaka 2002 kwa kutumia kodi, ila ilikuwa imetumia miongo kadhaa kujenga hospitali za wilaya na kupeleka watumishi vijijini. Sehemu hiyo ya mwisho huwatoka akilini wajumbe wengi wanaokwenda huko kujifunza.

Tofauti hasa huletwa na ulazima wa kuchangia na ukubwa wa kapu la michango. Bima ya hiari huwavuta wanaojua kwamba wanaumwa. Wenye afya hukaa pembeni, mfuko huelemewa, michango hupandishwa, na wenye afya waliokuwamo nao hujitoa. Hakuna nchi iliyowafikia watu wake wote kwa hiari peke yake. Ulazima nao una mtihani wake: mwenye mshahara hukatwa kabla hajaugusa, lakini mchuuzi, fundi na mkulima hawana mwajiri wa kuwakata. Rwanda ilivuka asilimia 80 ya wananchi kwa bima ya jamii iliyopanga michango kulingana na hali ya kaya, huku maskini kabisa wakilipiwa. Anayeahidi kwamba watu wasio na ajira rasmi watajilipia wenyewe mia kwa mia, bila kodi kuingia, hajapiga hesabu.

Nimelipia bima, mbona naambiwa dawa yangu haimo?

Kwa sababu kuwa na kadi ni jambo moja na kitita cha mafao ni jingine. Kila mfuko una orodha ya huduma unazolipia, na orodha hiyo hupangwa ama kwa hoja za wazi ama kwa makelele ya wenye nguvu. Uingereza ilianzisha mwaka 1999 taasisi ya NICE, na Thailand mwaka 2007 ikaanzisha HITAP, zote zikiwa na kazi ya kupima kama tiba mpya inaongeza uhai na nafuu kiasi cha kustahili gharama yake. Uamuzi huo huwaumiza baadhi ya wagonjwa, na si haki kuuficha. Lakini mahali ambapo hakuna chombo kama hicho uamuzi hufanyika vilevile, kimyakimya, na mwenye duka la dawa.

Sababu ya pili ni chafu zaidi: dawa imo kwenye orodha, lakini mfuko umechelewa kuilipa hospitali madai yake ya miezi kadhaa, hospitali nayo imeshindwa kumlipa msambazaji. Muhudumu wa dirishani atakuambia "imeisha" tu, na hasemi uongo.

Hospitali hulipwaje, na hilo linanihusu nini mimi mgonjwa?

Linakuhusu kuliko unavyodhani, kwa sababu namna ya kulipa hubadilisha namna ya kutibu.

Hospitali ikilipwa kwa kila huduma, vipimo huzaliana. Utapimwa damu leo, kesho utarudishwa upimwe tena, na upasuaji wa kujifungua utakuwa mwepesi kupendekezwa. Ikilipwa kiasi maalumu kwa kila mtu aliyesajiliwa kwake kwa mwaka, yaani kapitesheni, mwelekeo hugeuka: sasa faida iko katika kukuona mara chache, na mgonjwa mgumu hupewa barua ya rufaa haraka akawe mzigo wa wengine. Njia ya tatu ni malipo kwa kundi la ugonjwa. Watafiti Robert Fetter na John Thompson wa Chuo Kikuu cha Yale waliyabuni makundi hayo, na mwaka 1983 Marekani ikaanza kuyatumia kulipia wazee waliolazwa. Hospitali ikawa inalipwa bei moja kwa nimonia, mgonjwa alale siku tatu au kumi. Siku za kulazwa zilipungua kweli. Malalamiko ya watu kuruhusiwa wakiwa hawajapona nayo yakaanza.

Hakuna njia isiyo na madhara. Nchi zinazosimamia vizuri huchanganya: kapitesheni kwa huduma za msingi, makundi ya magonjwa kwa kulazwa, na malipo ya nyongeza kwa yale ambayo hufanywa kidogo mno, kama chanjo au ufuatiliaji wa shinikizo la damu. Kisha huajiri watu wa kukagua madai. Kazi ya ukaguzi haina mvuto na haipigwi picha, lakini mfuko usio nayo ni debe linalovuja.

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya fedha za afya hupotea?

WHO ilikadiria mwaka 2010 kwamba asilimia 20 mpaka 40 ya rasilimali za afya duniani hupotea bure. Wizi umo, ila si hasara yote ni wizi. Humo kuna dawa zenye jina kubwa zinazonunuliwa ilhali dawa zilezile zisizo na jina zipo kwa bei ndogo, wagonjwa wanaolazwa bila sababu, na mashine zilizonunuliwa bila mkataba wa matengenezo wala mtaalamu wa kuzitumia. Usikate tamaa kwa takwimu hii. Isomee upande wa pili: fedha za kuanzia maboresho zimo tayari ndani ya nyumba.

Kwa nini foleni haziishi hata hospitali ikiongezewa vitanda?

Kwa sababu mara nyingi kinachokwama ni mwendo wa wagonjwa. Chukua wodi moja. Mgonjwa amepona asubuhi, lakini daktari wa kuandika ruhusa atapita mchana, dawa za kuondoka nazo zitatoka jioni, na ofisi ya malipo imefungwa. Kitanda kimekaliwa na mtu aliyekwisha kupona kwa saa ishirini, na kule mapokezi ya dharura mtu amelala kwenye machela. Wodi ikijaa kupita asilimia 85 hadi 90, hata ongezeko dogo la wagonjwa husababisha msongamano mkubwa, kwa kuwa wagonjwa hawaji kwa ratiba.

Dawa yake ni ya kiutawala. Ruhusa zipangwe tangu siku ya kulazwa, majibu ya maabara yawe na muda wa mwisho, wagonjwa wa kliniki wapewe saa badala ya kuambiwa wote waje alfajiri. Hospitali ya Virginia Mason ya Seattle ilichukua mbinu za kiwanda cha magari cha Toyota mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuanza kuchora safari ya mgonjwa hatua kwa hatua, ikitafuta kila mahali anaposubiri bila sababu. Zoezi hilo halihitaji kompyuta. Linahitaji mganga mkuu aliye tayari kukaa kwenye benchi la wagonjwa na kuhesabu dakika.

Foleni nyingine huanzia nje ya geti. Zahanati ikikosa dawa na mpimaji, watu huipita na kwenda hospitali kubwa kwa malaria isiyo kali. Jengo jipya katika hospitali kubwa huwavutia zaidi.

Wauguzi na madaktari wanakwenda wapi?

WHO inakadiria upungufu wa wahudumu zaidi ya milioni 10 duniani ifikapo mwaka 2030. Mwaka 2006 ilionyesha kwamba Afrika ilibeba asilimia 24 ya mzigo wa magonjwa duniani ikiwa na asilimia 3 ya wahudumu. Nchi tajiri zinazeeka na zinaajiri kutoka kwa maskini. Kanuni za kimataifa za kuajiri wahudumu, zilizopitishwa mwaka 2010, ni za hiari, na orodha ya WHO ya mwaka 2023 inataja nchi 55 ambazo hazipaswi kufuatwa kwa kampeni za kuajiri. Mtu binafsi bado ana haki ya kuondoka, na ni vigumu kumlaumu.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba baadhi ya nchi zenye upungufu zina wahitimu wasio na kazi. Chuo kinawatoa, wodi zinawahitaji, lakini bajeti ya mishahara imefungwa. Hapo kuongeza vyuo hakusaidii kitu.

Ubunifu uliothibitika hapa ni kugawana majukumu. Msumbiji ilianza mwaka 1984 kuwafundisha upasuaji watumishi wasio madaktari, na utafiti umeonyesha matokeo yao katika upasuaji wa uzazi yanakaribiana na ya madaktari, huku wengi wao wakibaki wilayani ambako madaktari hawakai. Vyama vya kitaaluma hupinga mara nyingi. Hoja yao ya usalama isikilizwe, ila wapewe na swali: mama aliyeko mbali na daktari kwa saa sita yuko salama kwa nani?

Wahudumu wa afya ya jamii wanapaswa kujitolea?

Hapana. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2018 unapendekeza walipwe na wawe na mkataba. Ethiopia iliajiri kwa mshahara wa serikali zaidi ya wanawake 30,000 chini ya mpango ulioanza mwaka 2003. Brazili, tangu 1994, imewaweka wahudumu hawa ndani ya timu moja na daktari na muuguzi, kila mmoja akiwa na kaya zake za kutembelea. Anayetembea nyumba kwa nyumba bila malipo ataacha siku akipata kibarua, na ataondoka na imani ya watu aliyoijenga.

Watu wakishafika hospitali, kazi si imekwisha?

Laiti ingekuwa hivyo. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, mwaka 2016, watu takribani milioni 5 walikufa baada ya kupata huduma duni, na milioni 3.6 kwa kutoifikia huduma. Wengi zaidi walifia mikononi mwa mfumo kuliko nje yake. Sera zinazohesabu majengo haziwezi kuliona hilo.

Mfano bora tunaoujua wa kuboresha huduma ni karatasi moja. WHO ilitengeneza orodha ya ukaguzi wa upasuaji: jina la mgonjwa lithibitishwe, mahali pa kukata pathibitishwe, antibiotiki ipewe kwa wakati, vitambaa na sindano vihesabiwe, timu ijitambulishe. Ilijaribiwa katika miji minane, kuanzia Toronto na London hadi Manila na Ifakara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo baada ya upasuaji vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Dunia ikashangilia. Kisha jimbo la Ontario, Kanada, likaifanya orodha hiyo kuwa lazima, na utafiti wa mwaka 2014 katika hospitali 101 haukuona upungufu wa maana wa vifo. Sisi tunausoma utafiti huo hivi: agizo lilileta alama za vema kwenye karatasi, na mazungumzo ndani ya chumba yakabaki yaleyale. Muuguzi asiyethubutu kumsimamisha daktari bingwa hasaidiwi na fomu.

Kumbukumbu za wagonjwa za kidijitali zina faida kweli?

Zikifanywa kwa subira, ndiyo. Estonia iliunganisha kumbukumbu za wagonjwa nchi nzima mwaka 2008, na mwananchi anaweza kuingia na kuona nani amefungua faili lake. Kipengele hicho kidogo kimejenga imani kuliko matangazo. Kwa upande wa pili, Uingereza ilianza mwaka 2002 mradi mkubwa wa mfumo mmoja ulioamuliwa juu, ikatumia mabilioni ya pauni, na mwaka 2011 ikatangaza kuuvunja. Madaktari walikuwa wameletewa kitu ambacho hawakukiomba.

Kwa takwimu za jumla, programu huria ya DHIS2, inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na yenye mizizi katika Afrika Kusini ya miaka ya 1990, inatumika katika nchi zaidi ya 70. Kasoro tunayoikuta mara nyingi iko kwa binadamu: kituo hujaza takwimu, hutuma juu, na hakirudishiwi jibu. Muuguzi akigundua kwamba namba zake hazisomwi, ataanza kuzibuni. Na kama kila mradi wa wafadhili una tableti yake, atajaza taarifa ileile mara tatu.

Data zangu ziko salama?

Inategemea jambo dogo kama kusasisha kompyuta. Shambulio la kirusi cha kompyuta kiitwacho WannaCry la Mei 2017 liliathiri angalau taasisi 80 kati ya 236 za hospitali za umma Uingereza, ilhali sasisho la kuziba tundu la programu lililotumiwa na kirusi hicho lilikuwa limetolewa tangu Machi. Mwaka 2021 wadukuzi waliuteka mfumo wa huduma za afya wa Ireland baada ya mtumishi kufungua faili la barua pepe, na hospitali zikarudi kwenye kalamu. Uliza kama hospitali yako ina nakala ya akiba iliyotengwa na mtandao, na kama watumishi wamewahi kufanya zoezi la kutoa huduma siku mfumo umezima.

Akili unde (AI) itachukua nafasi ya daktari?

Kwa sasa inachukua sehemu za kazi yake, hasa kusoma picha. Nchini Sweden, jaribio lililohusisha wanawake zaidi ya 80,000 lilionyesha mwaka 2023 kwamba uchunguzi wa saratani ya matiti ukisaidiwa na akili unde hupunguza kazi ya wasomaji kwa asilimia 44 bila kukosa saratani zaidi. WHO ilikubali mwaka 2021 matumizi ya programu za kusoma eksirei za kifua katika kutafuta kifua kikuu kwa walio na miaka 15 na kuendelea. Pale ambapo hakuna mtaalamu wa mionzi kabisa, faida yake inaeleweka bila maneno mengi.

Hatari iko katika kile programu ilichofundishwa kukitafuta. Utafiti wa mwaka 2019 nchini Marekani uliichunguza programu iliyokuwa ikichagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Ilikuwa ikikadiria mahitaji kwa gharama zilizotumika. Kwa kuwa matibabu ya Wamarekani weusi yalikuwa yamegharimiwa fedha kidogo kwa ugonjwa uleule, programu iliwaona kuwa wazima zaidi. Kurekebisha kasoro hiyo kungepandisha sehemu yao kati ya waliochaguliwa kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Hakuna aliyekusudia ubaguzi. Hivyo mnunuzi aulize: ilijaribiwa kwa wagonjwa wanaofanana na wetu? Nani anawajibika ikikosea? Na ikisema mtu ana saratani, kuna mahali pa kumtibu?

Na ndege zisizo na rubani?

Zinafaa kwa vitu vyepesi, vya haraka na vinavyoharibika. Rwanda ilianza kuzitumia kusafirisha damu mwaka 2016, na utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha damu inayopitwa na muda vituoni ikipungua kwa asilimia 67. Kwa maboksi ya dripu, lori bado ni mfalme.

Dawa bandia ni tatizo kubwa kiasi gani?

WHO ilikadiria mwaka 2017 kwamba bidhaa moja kati ya kumi za tiba katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni duni au bandia. Mwaka 2022 dawa za kikohozi zenye kemikali za sumu zilihusishwa na vifo vya watoto zaidi ya 60 Gambia. Nchi ndogo haiwezi peke yake kukagua kila shehena, na ndiyo sababu ununuzi wa pamoja una maana: nchi za Amerika zimekuwa zikinunua chanjo kwa mfuko mmoja tangu miaka ya 1970, kwa bei nafuu na ukaguzi mmoja.

Misaada ikikatwa, nini hutokea?

Mwaka 2025 umeonyesha. Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada, USAID, kliniki za UKIMWI na za uzazi katika nchi nyingi zilipoteza watumishi ndani ya wiki chache, kwa sababu mishahara, magari na hata mifumo ya takwimu ilikuwa ya miradi. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na ni wachache waliowahi kufika. Kuna jambo jingine lisilosemwa sana: wizara nyingi hushindwa kutumia hata fedha zilizotengwa, kwa kuwa hutolewa zikiwa zimechelewa. Ukitaka kujua serikali ina nia gani, acha hotuba ya bajeti, tafuta taarifa ya fedha zilizotoka.

Mkataba mpya wa majanga ya magonjwa unaipa WHO uwezo wa kufunga nchi au kulazimisha chanjo?

Hapana. Mkataba uliopitishwa na Baraza la Afya Duniani, mkutano wa nchi wanachama wa WHO, tarehe 20 Mei 2025 unasema wazi kwamba hauipi WHO mamlaka ya kuiamuru nchi yoyote kufunga mipaka, kuweka karantini wala kulazimisha chanjo. Ubishi wenyewe ulikuwa kwingine: nchi ikitoa sampuli ya kirusi kipya, itapata nini chanjo ikishatengenezwa? Mkataba ulipopitishwa, suala hilo liliachwa lisubiri kiambatisho chake, na usingefunguliwa kutiwa saini kabla ya kiambatisho hicho kukubaliwa.